Jeshi la jumuiya au jeshi la rafiki mmoja? Njia mbili zilizojaribiwa Cabo Delgado

Serikali inayozidiwa na vita ndani ya mipaka yake hufika mahali ikalazimika kuomba majeshi ya nje. Hapo njia kubwa huwa mbili. Ya kwanza ni kuiita jumuiya ambayo nchi ni mwanachama wake, wanajeshi wa nchi kadhaa waje chini ya bendera moja. Ya pili ni kumwita rafiki mmoja mwenye jeshi imara na kuwekeana makubaliano ya pande mbili. Mara nyingi ni vigumu kuzilinganisha, kwa sababu kila vita ina adui wake na ardhi yake. Msumbiji imetupa nafasi adimu. Kuanzia Julai 2021 njia zote mbili zilitumika katika mkoa mmoja wa Cabo Delgado, dhidi ya adui yuleyule, zikipishana kwa siku sita tu: rafiki mmoja alikuwa Rwanda, na jumuiya ilikuwa SADC, yaani Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika.

Nawaandikia wabunge, wanafunzi, wanahabari na raia wa kawaida wa nchi zetu, ambao kila baada ya ziara ya rais husikia kwamba "ushirikiano wa ulinzi umeimarishwa" bila kuambiwa ni ushirikiano wa namna gani, unalipiwa na nani na utakoma lini. Jambo hili linanigusa. Cabo Delgado iko ng'ambo ya Ruvuma, na Oktoba 2020 wapiganaji wa huko walivuka mto wakashambulia kijiji cha Kitaya mkoani Mtwara, wakaua watu na kuchoma nyumba. Tangu siku ile, nani analinda Nangade na Palma, wilaya za ng'ambo ile, ni swali letu pia.

Vita vilivyoiita dunia

Shambulio la kwanza lilikuwa Mocímboa da Praia, tarehe 5 Oktoba 2017. Kundi la vijana lilivamia vituo vya polisi alfajiri. Wenyeji wakaliita Al-Shabaab, ingawa si lile la Somalia. Baadaye likajitangaza kuwa sehemu ya Dola la Kiislamu. Serikali ya Maputo kwa muda mrefu ililichukulia kama suala la uhalifu. Agosti 2020 wapiganaji waliuteka mji huo pamoja na bandari yake na kuukalia kwa karibu mwaka mzima. Machi 24, 2021 wakaingia Palma, mji ulio jirani kabisa na rasi ya Afungi, ambako kampuni ya Ufaransa ya TotalEnergies ilikuwa inajenga mradi wa gesi wa dola bilioni 20. Mwezi uliofuata Total ilisimamisha kazi na kutangaza kwamba haiwezi kutimiza mikataba yake kwa sababu zilizo nje ya uwezo wake.

Kabla ya hapo Maputo ilikuwa imejaribu njia ya tatu, ya kukodi wapiganaji, na haihitaji maelezo marefu. Wagner kutoka Urusi waliingia 2019, wakapoteza watu kwenye misitu wasiyoijua, wakarudi nyuma ndani ya miezi michache. Kampuni ya Dyck ya Afrika Kusini ikafuata na helikopta zake hadi Aprili 2021. Helikopta hizo zilisaidia kuokoa watu Palma, lakini Amnesty International iliituhumu kampuni hiyo, pamoja na jeshi la serikali na waasi wenyewe, kwa kuua raia. Mamluki hana bunge la kumhoji wala nchi ya kumwadhibu, na mkataba ukiisha anaondoka na ujuzi wote alioupata kuhusu ardhi yako. Siipendekezi kwa nchi yoyote.

Kasi

Hapa Rwanda haina mshindani. Tangazo la kutuma wanajeshi na polisi 1,000 lilitolewa tarehe 9 Julai 2021. Mwisho wa mwezi walikuwa wameshapigana kuikomboa Awasse, njia panda ambayo anayeishika anashika barabara ya kwenda Mocímboa. Tarehe 8 Agosti, wakiwa bega kwa bega na jeshi la Msumbiji, waliingia Mocímboa da Praia yenyewe. Siku iliyofuata, 9 Agosti, viongozi walikuwa Pemba, mji mkuu wa mkoa wa Cabo Delgado, kwenye sherehe ya kuzindua rasmi kikosi cha SADC, ambacho muda wake ulikuwa umeanza siku sita baada ya tangazo la Rwanda. Kikosi hicho kilijulikana kama SAMIM.

Ni rahisi kuicheka SADC kwa tarehe hizo. Tuangalie kwanza kilichokuwa kinaendelea nyuma ya pazia. Mwaka 2003 jijini Dar es Salaam nchi za SADC zilitia saini mkataba wa kulindana, unaosema kwamba shambulio la silaha dhidi ya mwanachama mmoja ni tishio kwa amani ya ukanda mzima na litajibiwa kwa pamoja. Kwa maandishi, msaada ulikuwa tayari karibu miaka 18 kabla ya Palma. Kivitendo ilibidi viongozi wakutane Aprili 2021, wataalamu watumwe kukagua, wataalamu wapendekeze kikosi cha karibu watu 3,000 na vifaa vyake, wakuu wa nchi wakutane tena Maputo tarehe 23 Juni na kuidhinisha, kisha kila nchi irudi nyumbani kutafuta fedha, ndege na askari. Tena sehemu kubwa ya ucheleweshaji ilitoka Maputo kwenyewe. Serikali ya Rais Filipe Nyusi haikutaka majeshi ya majirani ardhini; ilitaka mafunzo na vifaa. Ilipobadili msimamo, ilimfungulia mlango Rwanda kwanza, hata waziri wa ulinzi wa Afrika Kusini wa wakati huo, Nosiviwe Mapisa-Nqakula, akaeleza waziwazi kutoridhishwa kwake.

Rafiki mmoja ana mkuu mmoja wa majeshi, hazina moja na uamuzi mmoja. Jumuiya ina yote hayo mara nane, kwa kuwa nchi nane zilituma watu SAMIM. Kama kinachohitajika ni kuzuia mji usianguke wiki ijayo, jumuiya kama ilivyo leo haiwezi, na sijaona dalili kwamba SADC au Jumuiya ya Afrika Mashariki wamerekebisha hilo. Vikosi vya dharura tunavyosikia viko kwenye karatasi.

Nani alipewa eneo gani

Watu wengi wanaosema Rwanda ilishinda na SADC ikashindwa hawaangalii ramani. Rwanda ilipewa Palma na Mocímboa da Praia, wilaya mbili za pwani zenye miji, bandari, uwanja wa ndege na mradi wa gesi. SAMIM ilipewa Nangade, Mueda, Muidumbe na Macomia, maeneo mapana ya bara yenye misitu, vijiji vilivyotawanyika na bonde la mto Messalo, ambako mpiganaji anaweza kujificha msimu mzima wa mvua. Wapiganaji walipofukuzwa mijini, walihamia huko. Kwa maneno mengine, kila ushindi wa upande wa Rwanda ulisukuma kazi kwenye upande wa SADC, na hakukuwa na kamandi moja ya kuunganisha pande hizo. Kila jeshi lilikuwa na mawasiliano yake na Maputo. Mwaka 2022 mashambulizi yakashuka kusini hadi Ancuabe na Chiúre, wilaya zilizokuwa zimehesabiwa kuwa salama, na hesabu ya waliokimbia makazi ikakaribia watu milioni moja.

Kwa nchi inayochagua, hili ni kubwa kuliko kasi. Ukimwita rafiki mmoja na jumuiya kwa wakati mmoja bila kuweka kamanda wa wote, umegawa nchi yako katika kanda za wageni, na adui ataishi kwenye mipaka ya kanda hizo. Msumbiji ilifanya hivyo kwa miaka mitatu. Naliona kuwa kosa kubwa kuliko yote katika mpango mzima, na halikuwa la Rwanda wala la SADC. Mwenye nyumba ndiye aliyekuwa na haki na wajibu wa kuweka kamandi moja.

Mitaani na sokoni

Kuna jambo ambalo takwimu za vita hazilionyeshi. Waandishi waliofika Palma na Mocímboa baada ya kukombolewa walielezea doria za Wanyarwanda: askari wanatembea kwa miguu, wamepangana kwa umbali kandokando ya barabara, wanasimama kuzungumza na wauza samaki, na mazungumzo yenyewe ni kwa Kiswahili. Pwani ya Cabo Delgado watu wengi wanaongea Kimwani, lugha ndugu na Kiswahili, na Kiswahili chenyewe ni lugha ya biashara yao na Mtwara na Zanzibar. Askari aliyefundishwa Kigali aliweza kumuuliza mvuvi amepita nani usiku na akajibiwa. Askari wa Maputo aliyekulia kusini, anayejua Kireno na Kichangana, mara nyingi hakuweza, na hiyo ni nchi yake mwenyewe.

Ndani ya SAMIM hali ilitofautiana. Watanzania waliokuwa Nangade walikuwa kama nyumbani: Wamakonde wako pande zote mbili za Ruvuma, wanaoana, wanazikana. Waafrika Kusini na Wabotswana waliopangwa Macomia na Mueda hawakuwa na lugha ya kuzungumza na mwanakijiji bila mkalimani. Vita vya msituni ni vita vya habari. Jeshi lisiloelewa anachosema bibi anayerudi kutoka shambani litapiga doria barabarani mwaka mzima bila kumkuta adui. Ndiyo maana nafasi ya lugha katika kuchagua mshirika naiweka juu, juu kuliko idadi ya magari ya deraya.

Fedha

Jumuiya hulipa kwa shida lakini huonekana ikilipa. SADC ilianza na bajeti ndogo ya takriban dola milioni 12 kwa miezi ya mwanzo, na mzigo uliobaki ukawa wa kila nchi kwa askari wake. Afrika Kusini, iliyobeba sehemu kubwa, ililazimika kikatiba kuliarifu bunge lake: Rais Cyril Ramaphosa aliandika kwamba wanatumwa wanajeshi 1,495 kwa miezi mitatu kwa gharama ya zaidi ya randi milioni 984. Mtu yeyote angeweza kuisoma barua hiyo. Wabunge wakauliza helikopta ziko wapi, kwa nini askari wako msituni bila ndege za kutosha za kuwabeba majeruhi, na majibu hayakuwa mazuri. Bajeti ya ulinzi ya Afrika Kusini imekuwa ikikatwa kwa miaka, ndege nyingi hazirushwi kwa kukosa vipuri, na askari aliyeko Macomia aliulipia upungufu huo.

Upande wa Rwanda, Rais Paul Kagame alisema mwanzoni kwamba gharama zinatoka kwenye mfuko wa Rwanda yenyewe. Desemba 2022 Umoja wa Ulaya ulitenga euro milioni 20 kusaidia kikosi hicho, na Novemba 2024 ukaongeza kiasi kama hicho. Hata ukijumlisha zote, euro milioni 40 hazitoshi kwa maelfu ya askari kwa miaka. Zaidi ya hapo imeripotiwa kwamba kampuni zenye uhusiano na chama tawala cha Rwanda zimepata kazi za ulinzi na ujenzi katika eneo la mradi wa gesi. Simlaumu Mnyarwanda kwa kutafuta faida. Hakuna nchi inayotuma watoto wake kufa kwa ajili ya shukrani peke yake. Ninachoona ni hatari ni malipo ambayo raia wa Msumbiji hajaonyeshwa. Deni lililoandikwa unaweza kulihoji, kulipunguza, hata kulikataa. Lisiloandikwa utalikuta siku moja ndani ya leseni ya madini au mkataba wa bandari, na aliyelikopa hayupo tena madarakani.

Nani anajibu yanapotokea maovu

Mapema 2023 ilisambaa video ya askari wenye sare wakitupa miili kwenye moto wa takataka, tukio lililotajwa kutokea Nangade mwishoni mwa 2022. SADC ilitoa taarifa, ikakiri kwamba video hiyo inahusishwa na eneo la askari wake, ikasema itachunguza. Unaweza kusema uchunguzi ulikwenda taratibu, nami nitakubaliana nawe. Hata hivyo palikuwa na ofisi ya kuandikiwa barua, na palikuwa na mabunge kadhaa ambamo swali lingeweza kuulizwa.

Kikosi cha rafiki mmoja kinajibu kwa mkuu wake tu. Rwanda ina sifa ya nidhamu kwenye operesheni za nje na sifa hiyo Cabo Delgado imeihifadhi kwa kiasi kikubwa, lakini idadi ya askari wake waliokufa haitangazwi mara kwa mara, na makubaliano yaliyowaleta hayakupelekwa bungeni Maputo kabla hawajatua. Chama cha upinzani cha Renamo kililalamika kuhusu hilo tangu mwanzo. Ni Agosti 2025, Rais Daniel Chapo alipokuwa Kigali, ndipo nchi hizo mbili zilipotia saini mkataba wa hadhi ya majeshi, ule unaosema askari wa kigeni akikosa atashtakiwa wapi, ataingiaje na atatokaje. Miaka minne baada ya kuwasili! Hati ya namna hiyo ilipaswa kuwa ya kwanza.

Siku ya kuondoka

Kufikia Agosti 2023 uamuzi ulikuwa umeshapita: SAMIM ingeanza kupungua Desemba na kumaliza tarehe 15 Julai 2024. Sababu zilisemwa hadharani na serikali ya Msumbiji yenyewe, kwamba SADC haina fedha na inahitajika pia mashariki ya Kongo. Botswana na Lesotho zikaanza kuondoka. Tarehe 10 Mei 2024, wanajeshi wa SAMIM wakiwa wanafunga mizigo, wapiganaji waliingia mji wa Macomia, wakapora maghala ya chakula na kuukalia kwa zaidi ya siku moja. Walijua ratiba. Kila mtu aliijua, ilikuwa imetangazwa.

Rwanda ilijaza pengo kwa kuongeza askari wapatao 2,000. Ukiishia hapo, rafiki mmoja anaonekana kuwa wa kutegemewa zaidi. Sasa songa mbele hadi Januari 2025. Waasi wa Kongo wa M23, ambao wataalamu wa Umoja wa Mataifa wanasema wanasaidiwa na jeshi la Rwanda na Rwanda inakanusha, waliiteka Goma, mji mkubwa wa mashariki ya Kongo. Wabunge wa Ulaya wakataka fedha za kijeshi kwa Rwanda zisimamishwe, na Umoja wa Ulaya ukasitisha mazungumzo yake ya ulinzi na Kigali. Ghafla usalama wa mama anayeuza mihogo Palma ukawa umefungwa kwenye vita vya umbali wa kilomita zaidi ya elfu moja, vita ambavyo Msumbiji haina neno ndani yake. Rafiki mmoja akiwekewa vikwazo, akibadili rais au akiamua kwamba askari wake wanahitajika kwingine, huna wa kumgeukia. Jumuiya hufifia polepole na unaiona ikififia, ila rafiki mmoja anaweza kuondoka kwa simu moja.

Kongo inasema nini

Mtu akikwambia kwamba njia fulani ndiyo bora siku zote, mpeleke mashariki ya Kongo, kwa sababu huko zote zimefaulu na zote zimeanguka.

Novemba 2012 M23 waliiteka Goma kwa siku chache. Machi 2013 Baraza la Usalama likapitisha azimio namba 2098 na kuunda brigedi ya kuingilia kati ndani ya MONUSCO, kikosi cha Umoja wa Mataifa nchini Kongo: askari 3,069 kutoka Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, kamanda wa kwanza akiwa Brigedia Jenerali James Mwakibolwa wa Tanzania. Kufikia mwanzoni mwa Novemba 2013 M23 walikuwa wameshindwa. Ilifaulu kwa sababu mambo manne yalikutana: ruhusa ya kushambulia iliyoandikwa bila utata, fedha za Umoja wa Mataifa, jeshi la Kongo lililokuwa tayari kupigana mstari wa mbele chini ya makamanda kama Mamadou Ndala, na shinikizo la wafadhili dhidi ya Kigali. Askari hao hao, miaka minne baadaye, shinikizo likiwa limelegea na adui akiwa ADF, kundi la waasi wenye asili ya Uganda, walishambuliwa kambini Semuliki, na zaidi ya Watanzania kumi wakauawa usiku mmoja wa Desemba 2017.

Kikosi cha Jumuiya ya Afrika Mashariki kilichoingia Goma Novemba 2022 kilidumu takriban mwaka mmoja na mwezi. Kinshasa ilidhani kimekuja kupigana na M23; viongozi wa jumuiya walikusudia kikae katikati na kusimamia wapiganaji kuondoka. Watu wa Goma waliandamana kudai kipigane au kiondoke. Kamanda wake wa kwanza, Meja Jenerali Jeff Nyagah wa Kenya, aliacha kazi Aprili 2023, na Desemba kikosi kikafunga virago. Hakikushindwa vitani. Kilishindwa siku kilipoundwa, pale mwenyeji na wageni walipotia saini jambo moja huku kila upande ukilielewa kivyake.

Ndipo Kinshasa ikaiita SADC, kikaja kikosi chake cha Kongo, SAMIDRC, Desemba 2023: Afrika Kusini, Tanzania na Malawi tena, nchi zile zile za 2013, safari hii bila fedha za Umoja wa Mataifa na bila ndege za kutosha, dhidi ya M23 mwenye silaha nzito kuliko zamani. Goma ilipoanguka Januari 2025 askari wa nchi zote tatu walikufa, waliobaki wakazingirwa kambini Goma na Sake. Machi SADC ilifuta operesheni, na kuanzia mwisho wa Aprili wanajeshi wake walitoka kwa barabara kupitia Rwanda kuja Tanzania. Kwa yeyote mwenye ndugu jeshini, ilikuwa picha chungu kuitazama.

Upande wa rafiki mmoja, Kongo ina Uganda. Operesheni Shujaa dhidi ya ADF ilianza Novemba 2021, wiki mbili baada ya mabomu ya Kampala, ikiambatana na mpango wa Uganda kushiriki kujenga kilomita 223 za barabara kuelekea Beni, Butembo na Goma. Hapo walau maslahi yalikuwa wazi: Uganda inataka ADF wafe na biashara ipite. Lakini Februari 2022, askari wa Uganda wakiwa Ituri kama marafiki, Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda kuilipa Kongo dola milioni 325 kwa uharibifu wa vita vya 1998 hadi 2003. Jirani aliyewahi kukuvamia anaweza kukusaidia leo. Usimruhusu tu aingie bila mipaka ya eneo na tarehe.

Kwa hiyo ipi?

Kama mji unaanguka wiki hii na adui hana dola nyuma yake, mwite rafiki mmoja mwenye jeshi linalojiweza. Msumbiji ilifanya sawa kuiita Rwanda Julai 2021, na nalisema bila kuuma maneno. Ilikosea katika kilichofuata. Makubaliano ya dharura yapewe miezi sita, kisha yapelekwe bungeni yakiwa na eneo, gharama na tarehe ya mwisho. Yakishindwa bungeni, askari warudi kwao.

Kama vita vimeshakuwa vya muda mrefu, vya vijiji na misitu, namchagua jirani anayepakana nawe na anayeongea na watu wako, kwa kuwa fimbo ya mbali haiui nyoka. Kwa Cabo Delgado huyo ni Tanzania. Si wazo geni: Frelimo, chama tawala cha Msumbiji, iliundwa Dar es Salaam 1962, wapiganaji wake walifundishwa Nachingwea, na kati ya 1986 na 1988 wanajeshi wetu walikuwa Zambezia wakiisaidia serikali dhidi ya Renamo, wakati huo wakiwa waasi. Septemba 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alipokuwa Maputo, nchi hizi mbili zilitia saini makubaliano ya ulinzi na usalama, na SAMIM ilipoondoka, Watanzania walibaki Nangade kwa mpango huo wa pande mbili. Jirani hawezi kuhama. Akiondoka Nangade, vita vitamfuata Newala na Tandahimba, na hiyo ni dhamana kubwa kuliko saini yoyote. Najua kuna raia wa kusini mwa Tanzania waliolalamika kutendewa vibaya na vyombo vya ulinzi vya pande zote za mto, na malalamiko hayo yasikilizwe kabla ushirikiano huu haujapanuliwa.

Kama nyuma ya adui kuna jeshi la nchi nyingine, jumuiya ya kikanda peke yake haitoshi, hasa ikiwa nchi hiyo ni mwanachama wa jumuiya ileile. Rwanda na Kongo zote zimo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Hapo unahitaji kile kilichokuwepo 2013: azimio la Baraza la Usalama, fedha zake, na wakubwa walio tayari kumbana anayesaidia waasi. Pasipo hayo, kupeleka vijana wa Lilongwe na Morogoro kwenye vilima vya Sake ni kuwatoa kafara, nami napinga.

Jumuiya inabaki na kazi moja inayoifanya vizuri kuliko rafiki yeyote: kuyapa macho ya wengi mambo ambayo wawili wangeyaficha. Ningependa SADC iache kushindana na majeshi ya pande mbili na badala yake iyasimamie, ipokee nakala za mikataba, itume wachunguzi pakiwa na tuhuma za mauaji, na itoe helikopta za kubebea majeruhi wa kila bendera. Hiyo ingegharimu sehemu ndogo ya ilichotumia SAMIM.

Na jeshi la mwenyeji? Umoja wa Ulaya, Ureno ikiongoza, ulianza Novemba 2021 kuyafundisha makomandoo na askari wa majini wa Msumbiji, kompenia 11 kwa jumla, na Septemba 2024 ukageukia kuwasaidia na kuwashauri. Mafunzo hayo yalikuwa ya lazima, lakini askari aliyefuzu akipelekwa Macomia bila mshahara wa uhakika, bila chakula na bila mtu anayejua Kimwani katika kikosi chake, hatadumu. Mbunge yeyote wa Maputo au Dodoma atakayeletewa mkataba ujao wa ulinzi aanze kusoma kutoka ukurasa huo: askari wangapi wazaliwa wa wilaya yenyewe wataandikishwa, watalipwa na nani, na mwezi gani watapokea kila kituo kutoka kwa mgeni.